Mashine Zilipokuwa Kimya

"Unapiga kelele tena," Jovinary alisema, akaushusha mkono wake wa kulia hadi magotini.

Ndiyo ishara waliyopatana. Mkono ukishuka, Wilhelmina apunguze sauti, ukipanda, aongeze. Wilhelmina akameza mate, akaanza upya, na safari hii midomo ilicheza bila kutoka neno ambalo hata mbuzi waliokuwa wakitafuna majani kati ya mawe wangeweza kulisikia. Mkono ukapanda. Akaongeza. Mbuzi wakatimua mbio.

"Basi, dada Mina. Pumzika kwanza."

Walikuwa nyuma ya kota za kiwanda, Ilemela, mahali ambapo mawe yamepandana juu ya mawe na nyumba zimejibanza katikati yake zikiomba yasidondoke. Ilikuwa Jumatano jioni. Ijumaa, kamati kutoka Dar es Salaam ingekaa kantini kusikiliza malalamiko ya wafanyakazi kabla kiwanda hakijauzwa. Jovinary, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, Mhaya mmoja mrefu mwenye maneno yaliyopigwa pasi, alikuwa na shahidi mmoja tu katika kifo cha Kashindye, aliyefia kazini humo kiwandani. Shahidi mwenyewe ndiye huyu anayefukuza mbuzi.

Usimlaumu haraka. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika ukumbi wa kufuma. Mashine mia mbili zikienda kwa pamoja mle ndani, mtu hajisikii hata akikohoa. Masikio ya mfumaji huisha kidogo kidogo, kama sabuni, na huwezi kusema yaliisha siku gani. Wilhelmina hakuwa kiziwi. Ukimsemesha kwa karibu alisikia vizuri. Ila sauti yake mwenyewe hakuwa na hakika nayo. Hakujua ikitoka inakuwa kubwa kiasi gani, na mtu asiyejua ukubwa wa sauti yake huogopa kuifungua mbele za watu, kama mtu anayeogopa kufungua zizi asilojua lina ng'ombe wangapi.

Mara ya mwisho kusimama mbele za watu ilikuwa kanisani, miaka sita nyuma. Jumuiya ilimtuma akatangaze mchango wa mahindi. Akatangaza kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Watoto walianza kucheka, wakubwa wakafuata, na padri akainamisha kichwa huku mabega yakimtikisika. Tangu siku hiyo Wilhelmina alisali kimoyomoyo, na hata dukani alinyoosha kidole tu akaonyesha anachotaka. Mume wake alikuwa amekwenda Geita kutafuta dhahabu akapotelea huko, kwa hiyo nyumbani nako hapakuwa na wa kumlazimisha kusema.

Lakini ukumbini alikuwa mtu mwingine. Wafumaji wana lugha yao ya mikono. Vidole viwili vikikatana, uzi umekatika. Ngumi ikizungushwa juu ya kiganja, aitwe fundi. Vidole viwili begani, msimamizi anakuja. Kiganja wazi kilichoinuliwa juu, vidole vimetanuka: simama, kuna mtu. Na zaidi ya hizo za kazi kulikuwa na za umbea, za matani, za nani anamtaka nani. Katika lugha hiyo Wilhelmina alikuwa domokaya hasa. Mikono yake haikupumzika. Aliyemjibu kuliko wote alikuwa Kashindye Shigela, mpaka grisi wa mashine, kijana wa Sengerema mwenye madoa meusi hadi kwenye viwiko, aliyeweza kumchekesha kutoka upande wa pili wa ukumbi bila kufungua mdomo.

"Turudie mambo yetu matatu," Jovinary alisema. Alikuwa amevaa shati zuri la mitumba, kama walivyovaa karibu wote kiwandani, wao wanaofuma nguo ambazo hakuna anayezinunua tena. "La kwanza?"

"Kitambaa chekundu."

"Eleza."

"Anayeingia chini ya mkanda wa mashine anafunga kitambaa chekundu kwenye swichi kuu. Hakuna wa kukifungua isipokuwa yeye."

"Vizuri. La pili?"

"Msimamizi, Bwana Yeremia, alivikataza vitambaa. Alisema wanunuzi wanakuja kukagua, hataki matambara kwenye swichi."

"La tatu?"

"Kashindye hakuwa mlevi. Alikuwa na vidonda vya tumbo. Hata soda hakunywa."

"Hayo tu. Ukimaliza la tatu, kaa chini. Usiwatazame machoni, tazama ukuta juu ya vichwa vyao. Ukiona ulimi unakauka, weka punje ya chumvi mdomoni." Jovinary alisimama akajipangusa suruali. "Dada, Getruda ameandikiwa barua. Mwisho wa mwezi atoke kota na wanawe wanne, kwa sababu eti mumewe amekufa kwa ulevi na uzembe wake mwenyewe. Wewe tu ndiye uliyekuwa ukumbini. Maneno matatu haya ndiyo nyumba yake."

Wilhelmina akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anaogopa, na kuogopa kusimama kulikuwa nusu tu ya jambo. Nusu nyingine Jovinary hakuijua.

*

Kesho yake asubuhi walikutana bombani, yeye na Getruda. Foleni ilikuwa fupi. Getruda alimchukulia ndoo yake bila kuombwa, akaitanguliza mbele ya ya kwake.

"Acha, mama Leonsia. Jaza yako kwanza."

"Wewe kesho una kazi yangu," Getruda akasema. Alikuwa mwembamba kuliko mwezi uliopita, na kitenge alikifunga mara mbili kiunoni. "Katibu ameniambia. Nilikuwa nimekata tamaa, dada. Nilisema kama hata aliyekuwepo hataki kusema, basi labda ni kweli alikuwa amelewa, labda alikuwa akinificha. Unaona ninavyoanza kumfikiria mtu aliyelala kaburini? Mungu atakulipa."

Wilhelmina akaishika ndoo, akajitwisha kabla haijajaa, akaondoka. Maji yalimwagika shingoni njia nzima na hakuyafuta.

Siku aliyokufa Kashindye ilikuwa Jumanne. Saa nne asubuhi umeme ulikatika, kwa kuwa ulikuwa wakati wa mgao, na mashine zote mia mbili zikanyamaza kwa mara moja. Wafumaji wakatoka nje kuota jua. Wilhelmina alibaki anaunga nyuzi zake. Kashindye naye alibaki, akaingia chini ya mkanda wa mashine namba sitini na moja kutoa nyuzi zilizojisokota na kupaka grisi, kwa kuwa Yeremia alikuwa ameagiza kila kitu kiwe kimeng'ara kabla ya wanunuzi kufika. Kabla ya kuingia alimwonyesha Wilhelmina swichi tupu isiyo na kitambaa, akainua mabega, akacheka. Miguu yake ikabaki nje, viatu vya raba vimechanika visigino.

Baadaye umeme ukarudi, taa ya ofisi ya msimamizi ikawaka. Wilhelmina aliiona kupitia kioo. Yeremia akatoka ofisini akielekea swichi kuu, upesi upesi, karatasi mkononi, mgongo wake umegeukia ukumbi.

Kati yake na Wilhelmina kulikuwa na hatua kama ishirini. Chumba kilikuwa kimya. Ungeweza kusikia ndege waliojenga darini. Mtoto wa darasa la kwanza angeita "We!" na Yeremia angegeuka.

Wilhelmina akainua mkono. Kiganja wazi, vidole vimetanuka: simama, kuna mtu. Akautikisa. Akaruka juu nao. Akainua na wa pili. Yeremia mwenyewe alianza kazi kama mfumaji, aliijua ishara ile kama alivyojua jina la mama yake, lakini mgongo hauna macho. Akaiwasha swichi.

Mashine zote zikaanza pamoja. Ndipo Wilhelmina alipopiga kelele, na kelele yake ikapotea humo humo kwenye mngurumo. Hata yeye mwenyewe hakuisikia.

Hilo ndilo asilomwambia Jovinary. Alimwambia habari ya kitambaa, ya Yeremia, ya vidonda vya tumbo. Habari ya mikono yake aliimeza. Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Yeye alijua kimya kingine hakina mshindo wowote, kinaua mtu na kuondoka zake.

*

Ijumaa kantini ilijaa. Meza tatu ziliunganishwa mbele, zikatandikwa kitambaa cheupe ambacho wafumaji walikitazama mara moja tu na kujua si chao. Nyuma yake walikaa wajumbe wa kamati: mwenyekiti mnene mwenye miwani aliyekuwa akijipepea kwa faili, mzee mmoja wa hesabu, na karani wa kike aliyeandika. Yeremia alikaa pembeni yao, amevaa tai.

Akaanza yeye. Akaeleza kwa utulivu, kwa Kiswahili kizuri, kwamba marehemu alikuwa hodari ila alipenda kinywaji. Kwamba chupa ya gongo ilikutwa kwenye kabati lake. Kwamba aliingia chini ya mashine bila kibali na bila kufuata utaratibu. Alipotamka neno utaratibu, wafumaji wakatazamana.

"Kuna mwenye la kuongeza?" mwenyekiti akauliza.

Viti vikakwaruza sakafu. Watu mia na kitu walikaa mle wanaojua habari ya kitambaa chekundu, na kila mmoja alikuwa anasubiri orodha ya watakaopunguzwa kazi. Mwenye nguvu mpishe. Jovinary alikuwa amesimama karibu na dirisha, akimtazama Wilhelmina.

Wilhelmina akasimama.

Punje ya chumvi ilikuwa imeyeyuka kitambo. Akatazama ukuta juu ya vichwa vya wajumbe kama alivyofundishwa. Ukutani palikuwa na kalenda na picha ya meli, na vyote vikaanza kuyumba. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Na hapo, bila kuitwa, mikono yake ikapanda ikaanza kusema.

Ilisema kitambaa. Ilisema swichi. Vidole viwili begani: msimamizi. Kiganja kikapangusa kingine: ameviondoa. Ngumi mdomoni, kisha kichwa kikitikiswa: hakunywa. Kantini nzima ikaelewa, toka mbele hadi nyuma, na mnong'ono ukapita kwenye mabenchi. Mzee mmoja wa idara ya nyuzi alivua kofia. Yeremia, aliyeelewa kuliko wote, aliinama akaanza kupanga karatasi zake.

Mwenyekiti akamgeukia karani. "Huyu mama ni bubu?"

Watu wachache wakacheka, si kwa ubaya, kwa wasiwasi tu. Kicheko kilimfikia Wilhelmina kama kile cha kanisani, na miguu ikataka kukaa. Aligeuza macho kutoka ukutani, akamwona Getruda kwenye benchi la pili na mtoto mdogo amelala mapajani. Getruda hakuelewa ishara hata moja. Alikuwa anatazama mikono ile kama mtu anayetazama barua asiyojua kuisoma, na uso wake ulikuwa unaomba. Wilhelmina akaona: watu wote wameambiwa isipokuwa yeye.

"SHIKAMOO MWENYEKITI," alisema.

Mtoto akaamka. Karani akadondosha kalamu. Jovinary akaanza kuushusha mkono, kisha akauacha.

"Marahaba, mama," mwenyekiti alijibu. Pengine mwenyekiti ndiye aliyekuwa mdogo kwa umri, lakini hakuna aliyelijali hilo. "Tunakusikia. Sema taratibu."

Taratibu hakuijua. Akasema kwa sauti ile ile, kubwa, iliyonyooka, isiyopanda wala kushuka, na alisema akimtazama Getruda peke yake, kama vile hakukuwa na mtu mwingine kantini. Akasema habari ya kitambaa chekundu. Akasema siku ambayo Yeremia alivikusanya vitambaa vyote akavitia kwenye pipa la takataka. Akasema vidonda vya tumbo, na maziwa aliyokuwa akiletewa Kashindye kwenye chupa saa nne, na kwamba chupa iliyokuwa kabatini ni hiyo.

Mambo matatu yakaisha. Jovinary akamwashiria: kaa.

Hakukaa. Alikuwa amefika mahali pa habari ambapo Yeremia anatoka ofisini na karatasi mkononi, na baada ya hapo palikuwa na jambo moja tu, na Getruda alikuwa anasubiri kulisikia.

"Nilimwona anakwenda kwenye swichi," akasema. "Nilijua Kashindye yuko chini. Nikainua mkono. Hakuniona. Sikupiga kelele. Mashine zilikuwa zimezima, chumba kilikuwa kimya, na mimi sikupiga kelele. Nilikuwa nimesahau kama nina mdomo."

Jovinary akaufunika uso.

Mwenyekiti akavua miwani. "Subiri, mama. Unasema ulimwona marehemu yuko kwenye hatari na hukutoa onyo?"

"Nilitoa. Kwa mkono."

"Kwa mkono." Akamtazama karani, ambaye kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Karani akauliza kwa sauti ndogo aandikeje. Mwenyekiti akafikiri kidogo, akajipepea na faili. "Andika: shahidi anakiri kwamba hakutoa onyo."

Yeremia akamimina maji kwenye glasi, akanywa yote.

Wilhelmina akaketi. Alikuwa anatoka jasho hadi kwenye mikono, na ndani yake palikuwa pamepungua kitu, hakujua kama ni mzigo au ni nguvu. Alipoinua macho kumtafuta Getruda, benchi la pili lilikuwa tupu.

*

Matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo baada ya siku nane. Karatasi ilikuwa na mhuri. Kamati imeridhika kwamba marehemu Kashindye Shigela hakuwa amelewa. Kamati imeridhika kwamba ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi wa mashine ya jirani, aliyeona hatari na kunyamaza. Mjane wa marehemu ataendelea kukaa kota hadi mmiliki mpya atakapotoa maelekezo. Mfanyakazi mhusika aachishwe kazi na aondoke kota mwisho wa mwezi. Kitambaa chekundu hakikutajwa, na jina la Yeremia halikuwemo hata kwenye orodha ya waliohudhuria.

"Mdomo umeponza kichwa," Jovinary alimwambia. Alikuwa amemfuata hadi mlangoni, amekasirika kweli, macho yamemwiva. "Nilikufundisha kusema. Sikukufundisha kujichongea. Tulikuwa naye mkononi yule, dada Mina, tulikuwa tumeshamshika. Ungekaa chini baada ya la tatu, leo yeye ndiye angekuwa anafunga mizigo."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Wilhelmina alikuwa anakunja godoro. Akalikalia ili lisifumuke, akalizungushia kamba.

"Lilikuwa limebaki jambo moja," alisema.

Jovinary alitikisa kichwa akaondoka. Wafumaji wenzake waliopita mlangoni jioni ile walimwashiria pole kwa mikono, wakiwa mbali, na wengine walipita bila kugeuka. Wanawake wawili waliokuwa wakicheka naye kila zamu walivuka barabara. Hakuwalaumu. Aliyetajwa kwenye karatasi ni yeye, na karatasi ilikuwa na mhuri.

Angerudi kwao Bujora. Kaka yake alikuwa na shamba la pamba huko, na mkewe hakuwa mtu mbaya sana.

Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi Getruda akaja. Tangu Ijumaa ile hawakuwa wamesemeshana. Bombani Getruda alikuwa akija saa nyingine. Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, kitenge kimefungwa mara mbili, akatazama godoro lililofungwa na sufuria zilizopangwa.

"Kwao Kashindye hawajui," akasema. "Walipokuja kumchukua waliambiwa amekufa mlevi. Wakamzika upesi, baba yake hata hakusema neno kaburini. Watu walikula wakatawanyika, kana kwamba tumezika mwizi."

Wilhelmina akasogea karibu na mlango.

"Nimewaandikia. Wanasema barua si kitu, mtu anaweza kuandika lolote. Wanamtaka aliyekuwepo." Getruda akavuta pumzi. "Mimi sijui nikufanyeje, dada Wilhelmina. Kuna siku naamka nakushukuru, na kuna siku naamka nataka nikuvunjie mlango. Lakini kesho navuka na feri ya asubuhi. Twende ukaseme."

"Yote?"

"Yote."

*

Boma la mzee Shigela, baba yake Kashindye, lilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabara kuu ya Sengerema, limezungushiwa uzio wa minyaa. Walikuta watu wamekwisha kukusanyika uani: kaka zake Kashindye wawili, shangazi, majirani waliokaa kwenye magogo. Mama yake alikuwa amekaa chini na ungo wa mchele mapajani, anachambua mawe. Mzee mwenyewe alikalia kigoda kidogo, mikono juu ya fimbo, macho chini. Waliamkiana, wakaulizana habari za safari na za mvua, na kila habari ilikuwa nzuri kama desturi inavyotaka.

"Huyu ndiye," Getruda akasema.

Wilhelmina akasimama. Hapakuwa na ukuta wa kutazama. Palikuwa na nyuso tu, na karibu zote zilikuwa na paji pana la Kashindye. Mikono aliishikanisha mbele ya tumbo, kidole kwa kidole, ili isimtangulie.

Akasema kwa Kisukuma, lugha ya mama yake, ambayo hakuwahi kuitumia mbele ya watu wengi hivyo, na sauti ikatoka kubwa kama ilivyokuwa kantini. Hakuna aliyecheka. Kuku walitoka uani. Akaeleza swichi, kitambaa, maziwa ya saa nne, viatu vilivyochanika visigino. Akaeleza jinsi Kashindye alivyoinua mabega akacheka kabla ya kuingia. Hapo kaka mmoja akasimama, akaenda kuegemea uzio akiwapa mgongo. Akaeleza mkono wake ulivyopanda, na wa pili ulivyopanda. Akasema chumba kilikuwa kimya.

Alipomaliza alibaki amesimama. Mama mtu hakuwa ameinua kichwa hata mara moja, vidole vyake viliendelea kutafuta mawe ndani ya mchele.

Mzee Shigela akasema kitu, chini kwa chini, akiiambia fimbo yake.

Wilhelmina hakusikia. Aliona midomo tu ikicheza chini ya ndevu. Akageuka kumtazama Getruda. Getruda alikuwa amesikia; uso wake ulikuwa umekauka. Alitazama huku na huku kama anayemtafuta mtu mwingine wa kuifanya kazi ile, na hakumwona. Akainuka, akaja karibu, akaweka mdomo penye sikio la Wilhelmina.

"Anauliza," alisema, akasimama kidogo. "Anauliza, ungepiga kelele, yule msimamizi angesikia?"

Mwenyekiti hakuuliza hivyo. Jovinary hakuuliza. Wilhelmina mwenyewe alikuwa akilizunguka swali hilo tangu Jumanne ile, usiku na mchana, bila kulisogelea.

"Angesikia, baba," alisema.

Hakujua ameisema kwa sauti kiasi gani. Aliona tu kwamba ng'ambo ya minyaa, shambani, mwanamke aliyekuwa akipalilia alisimamisha jembe akanyooka. Vidole vya mama mtu vikatulia juu ya ungo. Mzee hakuinua uso. Na Getruda, ambaye kazi yake ya kupeleka neno ilikuwa imekwisha, hakurudi kukaa. Alibaki ameinama pale pale, mdomo karibu na sikio la Wilhelmina, anapumua.